Asali Kwenye Debe la Mzee Kasanda

Mmeniomba niwafundishe kurina asali, nami magoti yangu siku hizi hayapandi hata kigoda. Basi nitafundisha kwa mdomo. Nyie wenzetu mna mizinga ya mbao yenye mifuniko, mna nguo nyeupe za kujifunika mwili mzima mkafanana na masista, na mna bomba la moshi. Sisi katika msitu wa Ugalla tulipanda miti na kaptula, mwenge wa magome makavu mkononi, kisu kimebanwa kwenye meno. Nyuki akiingia ndani ya kaptula ulikuwa huna pa kukimbilia. Unaendelea kurina huku unaimba.

La kwanza mlijue hili: moshi kwanza, mkono baadaye. Usifungue mzinga kama unavyofungua mlango wa nyumba yako. Fukiza polepole mdomoni, subiri, sikiliza. Nyuki wakibadilisha sauti, ikawa nzito kama ya wazee wanaosinzia kanisani, hapo ingiza mkono. Kata masega yaliyozibwa, yaliyoiva. Ya majana, yenye watoto wa nyuki, yaache. Anayekata majana anakula mbegu.

Mwenyekiti wa kikundi chenu kaniambia pia nigusie habari ya Mkristo kazini, kwamba ni chumvi na nuru ya ulimwengu. Nitagusia. Ila nawatahadharisha, mimi ni mtu wa mashaka. Nilibatizwa nikiwa mchanga, Gervasi ndilo jina langu, na misa sikosi. Lakini mtu akinisalimia "Bwana asifiwe" kabla hajauliza nimeamkaje, mkono wangu huwa unakwenda wenyewe kuangalia kama kisu changu bado kipo.

Sikuzaliwa hivyo. Miaka ya tisini mwanzoni alikuja kambini kwetu mfanyabiashara mmoja mwenye Biblia kubwa yenye zipu. Aliombea madebe yetu kabla ya kuyanunua, tukasema amina. Haukupita muda mrefu, watu wa Mpanda mjini wakaanza kutulalamikia kwamba asali ya kambi yetu ni sukari tupu. Nikaenda sokoni mwenyewe. Nikachukua kijiti, nikachota kwenye debe lake. Asali ya kweli ikidondoka inatoa uzi, na uzi ule unajikunja chini kama kamba. Yake ilidondoka do, do, do, kama chai.

"Ndugu yangu," akaniambia, "si unajua majira haya ya mvua, asali inakuwa na maji."

Kilikuwa kiangazi. Vumbi lilikuwa limetujaa mpaka kope.

Baada ya hapo wenzangu wakanifanya mlinzi wa kambi. Walisema Gervasi hamwamini hata kivuli chake, huyo ndiye tunayemtaka.

Sasa niwaambie kambi yetu ilivyokuwa. Vibanda vya nyasi kando ya kijito, majiko ya kuchemshia nta, na msitu pande zote. Mizinga ya magome ilikuwa imetundikwa mbali mbali, mingine mwendo wa nusu siku, bila mlinzi yeyote kwa miezi. Mlinzi wake alikuwa dawa. Na mwenye dawa alikuwa Mzee Kasanda.

Mzee Kasanda ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha mimi na karibu kila mtu pale kambini: kubandua gome la mti wa mtundu bila kulipasua, kulikunja, kulishona kwa vijiti, kuchagua tawi. Akipita chini ya mti alijua mzinga una asali au hauna kwa kusikiliza tu. Na yeye ndiye aliyefunga kila mzinga kifundo kidogo cha kitambaa cheusi chenye unga wake ndani. Mwizi akigusa mzinga wenye kifundo kile, tumbo lingemvimba mpaka akiri. Sijawahi kuona tumbo lililovimba. Lakini pia sijawahi kuona mtu aliyejaribu, na kwa mlinzi hilo linatosha.

Ndipo akaja Eliya Bigirimana.

Eliya alitoka Mishamo, kwenye makazi ya Warundi. Walikuwa bado wakimbizi miaka hiyo. Kutoka nje ya makazi ilikuwa lazima uwe na kibali, na ukiharibu huko uendako, kibali kinafutwa, na wewe unarudishwa. Alikuja na baiskeli, blanketi, sufuria, na mizinga aliyoichonga mwenyewe. Alikuwa mzee wa kanisa huko kwao, kanisa la walokole. Mfupi, mwembamba, na kila alipozungumza aliangalia chini kana kwamba ameangusha kitu.

"Bwana asifiwe, Ndugu Gervasi," akanisalimia.

Nikagusa kisu changu. Kilikuwepo.

Miti mizuri ya matawi ya chini ilikuwa na wenyewe zamani. Yeye mgeni tukampa masalia, miti mirefu iliyonyooka ambayo hakuna aliyeitaka. Hakulalamika. Mzee Kasanda alipomletea vifundo vyake, Eliya akavipokea kwa mikono miwili, halafu akamrudishia kwa mikono miwili.

"Nashukuru sana, mzee. Mimi kwa imani yangu siwezi kufunga hivi. Naomba usione nimekudharau."

"Wakikuibia?"

"Wakiniibia nitalia, mzee. Lakini sitafunga."

Jioni ile kambi nzima ilimjadili. Shija, kijana wa Kisukuma aliyeacha ng'ombe wa baba yake akaja kujaribu nyuki, ndiye aliyesema sana. "Mtu asiye na dawa ana dawa kubwa zaidi," akasema. "Au haogopi kuibiwa kwa sababu mwizi anamfahamu. Anapiga naye mswaki." Tulicheka, lakini mimi nilichukua lile neno nikaliweka.

Msimu ule ule wizi ukaanza.

Mzinga wa kwanza tulisema ni kazi ya nyegere, yule mnyama mwizi wa asali. Ulikuwa umeanguka chini, gome limepasuka. Mimi nikainama nikaangalia. Nyegere anakula majana kwanza, anapenda watoto wa nyuki kuliko asali, na anachafua kila kitu kama mlevi aliyefunguliwa jiko. Hapa majana yalikuwa salama. Masega yaliyoiva tu ndiyo yaliyokatwa, yamekatwa vizuri, sawasawa. Nikawaambia wenzangu: nyegere hana kisu.

Ukafuata mwingine, na mwingine. Kifundo cheusi kipo palepale, asali haipo. Mizinga ya Shija ilipigwa mara nyingi kuliko ya wengine. Ya Eliya haikuguswa hata mmoja.

Nyie mngefikiri nini? Semeni kweli.

Nikaanza kumjaribu. Siku moja niliacha kopo la asali kwenye njia anayopita kwenda kwenye mizinga yake, nikajificha nyuma ya kichuguu. Mbung'o waliniuma mpaka nikataka kulia, lakini nilikaa. Eliya akaja, akaliona, akatazama kushoto na kulia. Nikasema moyoni, sasa. Akalibeba, akageuka, akalirudisha kambini, akauliza mbele ya watu wote nani kalisahau. Mtu mwingine angeridhika. Mimi nikasema: mwizi mwenye akili hurudisha kopo ili aibe debe.

Nikaendelea kumfuata. Na kweli nikaona kitu.

Mchana mmoja watu wote walikuwa porini. Mimi nilirudi mapema kwa njia ya kijito. Nikamwona Eliya anatoka kwenye kibanda chake na debe dogo, anaangalia nyuma, anaingia kwenye kibanda cha Mzee Kasanda. Mzee hakuwepo. Nilisogea mpaka kwenye ufa wa nyasi. Eliya alikuwa amepiga magoti, anamimina asali ndani ya debe la mzee, polepole, anazuia isitoe sauti. Akafunika, akafuta mdomo wa debe kwa kidole, akalamba kidole, akaondoka.

Mwizi huwa anatoa asali kwenye debe la mtu. Huyu anaingiza! Nilikaa na jambo hilo siku nzima kama mfupa kooni, mpaka nikapata jibu lililonitosha: anamtwika mzee wetu. Ataficha asali ya wizi kwa Mzee Kasanda, halafu siku ya msako itakutwa kule. Mwenye dawa aonekane mwizi, dawa idharauliwe, na mlokole abaki msafi. Niliona nimemgundua. Sikumwambia mtu. Nilingoja.

Sikungoja sana. Mzinga mkubwa wa Shija, ule aliokuwa akiutegemea, ukakutwa mtupu, na Shija akarudi kambini akipiga kelele tangu mbali. Asubuhi iliyofuata alitukusanya wote.

"Leo tunakunywa!" akasema. "Mzee Kasanda achanganye dawa kwenye kibuyu, kila mtu anywe kata moja. Aliye mwizi tutamwona. Atakayekataa kunywa, huyo huyo ndiye."

Sheria yetu ilijulikana. Mwizi anachomewa mizinga yake yote na anaondoka. Kwa Eliya kulikuwa na zaidi: tungempeleka kwa viongozi, na kibali chake kingeishia hapo.

Mzee Kasanda alikaa kwenye gogo. Kwa siku kadhaa alikuwa amevimba uso. Alituambia alivamiwa na nyuki wa kwenye tundu la mti. Alichanganya dawa taratibu mno. Unga uliingia kwenye maji, akakoroga, akakoroga tena, mpaka Shija akasema, "Baba, hiyo si uji."

Kata ikazunguka. Nilikunywa mimi. Ilikuwa chungu kama kwinini. Shija akanywa akatazama watu. Wengine wakanywa. Ikafika kwa Eliya.

"Siwezi," akasema.

"Unaona?" Shija akaruka. "Mnaona?"

"Sijaiba, ndugu zangu. Lakini siwezi kunywa hiyo. Namwamini Mungu, siwezi kuapa kwa kingine."

Shija akamshika shati kifuani, vifungo vikaruka. "Mwizi ni nani basi, kama si wewe?"

Eliya akakusanya shati lake kifuani. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Ninamfahamu. Lakini sitamtaja. Ana mdomo wake."

Nyie hamjui kelele za watu wenye njaa ya mwizi. Shija akampiga kofi, na mwingine akamsukuma akaanguka kwenye majivu ya jiko la nta. Hapo nikasimama mimi mlinzi, nikasema nilichokiona: kwamba nilimwona kwa macho yangu akimimina asali kwenye debe la Mzee Kasanda mzee akiwa hayupo. Kwamba huyu hajatosheka kuiba, anataka kumbambikia mzee wa watu.

Shija aliokota kuni.

Eliya alikuwa chini, majivu kwenye nywele. Hakunitazama mimi. Alimtazama Mzee Kasanda, mara moja tu, kisha akaangalia chini kama kawaida yake. Nami kwa kuwa ni mtu wa mashaka, nikageuka kuona alichokuwa akikitazama.

Mzee Kasanda alikuwa ameshika kibuyu. Yeye na Eliya tu ndio walikuwa hawajanywa. Akasimama, akajisaidia kwa mkono kwenye goti. Akamwaga dawa yote chini. Ilitengeneza kijito chembamba mpaka kwenye miguu ya Shija, na Shija akarudi nyuma akiikwepa.

"Weka hiyo kuni chini, mwanangu," akasema. "Ni mimi."

Hakuna aliyemwelewa mara ya kwanza.

"Ni mimi niliyekuwa nakula mizinga yenu. Mwaka wa pili sasa siwezi kupanda. Mikono haishiki. Mizinga yangu iko juu na asali imejaa, nawasikia nyuki wangu, siwafikii. Nikachukua mti mrefu wenye ndoano, nikawa navuta ya chini. Yako, Shija, iko chini kuliko yote."

Shija bado alikuwa na kuni mkononi. Alikuwa kaitundika mizinga yake chini kwa sababu mwenyewe alikuwa anaogopa kupanda. Alikuwa akisema kila siku, ng'ombe hapandi mti, na mimi nimelelewa na ng'ombe.

Na ya Eliya haikuguswa kwa sababu tulimpa miti mirefu. Mimi niliyekuwa nachunguza visu na majana, sikuwahi kuinua kichwa nikapima urefu wa matawi.

"Mzinga mmoja uliniangukia," Mzee Kasanda akaendelea. "Nyuki walitaka kuniua. Huyu alikuwa anapita, akanifukizia moshi, akanibeba mgongoni mpaka kwenye maji. Aliona kila kitu, ndoano, kisu, na debe. Nikamwambia, basi kaseme. Akaniambia, 'Mzee, mimi sitakusemea, na wala sitadanganya kwa ajili yako. Nenda kaseme mwenyewe.' Tangu hapo ananiletea asali yake ili nisiende tena. Kila akija ananiuliza, umeshasema? Namwambia bado. Jana nilienda tena kwa Shija. Asali aliyoniletea haikutosha. Au ilitosha, mimi ndiye sikutosheka."

Akakaa. Mtu aliyenifundisha kushika kisu alikuwa anafuta macho kwa kitambaa cha dawa.

Kuhusu hukumu, tulibishana mpaka jua likawa kali. Wengine walisema sheria ni sheria, mizinga ichomwe. Mmoja akasema dawa imeshindwa kumshika mwenye dawa, basi sote tulikuwa tunafunga vitambaa vitupu. Tukamuuliza Eliya, maana yeye ndiye aliyepigwa. Akapangusa majivu.

"Sheria ni yenu," akasema. "Mimi ni mgeni. Naomba tu kabla hamjachoma, mtu apande avune mizinga ya mzee. Asali imejaa kule juu. Ni dhambi kuichoma."

Aliyepanda alikuwa Shija. Sijui hata leo kwa nini. Alivua shati, akachukua mwenge, akaukumbatia mti wa kwanza wa Mzee Kasanda, na mzee akiwa chini anamwelekeza: mkono wa kushoto, baba, usitazame chini, fukiza kwanza, wasikilize. Alishuka kavimba midomo na debe limejaa. Akaliweka mbele ya mzee. Baada ya hapo hakuna aliyezungumzia tena kuchoma.

Shija aliendelea kumpandia mpaka mzee alipokufa. Asali waligawana. Kijana aliyeogopa mti akawa mpandaji hodari kuliko sisi wote, na hapo ndipo desturi ilipoanza: kila msimu wenye nguvu wanaanza na mizinga ya wasioweza kupanda. Nyie mnaiita kanuni ya kikundi, mmeiandika. Ilianzia kwenye majivu yale.

Vifundo vyeusi Mzee Kasanda alivifungua mwenyewe kwenye mizinga ya chini, vya juu Shija akavitoa. Mimi nilipinga. Nilisema sasa tutaibiwa mchana kweupe. Msimu uliofuata mzinga mmoja ukaanguka, nikakimbia nikiwa na furaha kwamba nilisema. Majana yameliwa, masega yametapanywa kila mahali. Alikuwa nyegere wa kweli.

Msinielewe vibaya. Sikuokoka. Wengi pale hawakuokoka, na waliookoka baadaye, mmoja alikuja kututapeli nta. Mashaka yangu ninayo mpaka leo na nawashauri myatunze. Mlinzi asiye na mashaka ni mgeni kambini. Lakini mtu kama Eliya ukiwa naye unaanza kuona aibu hata ya vitu vidogo. Nilianza kupima debe bila kuweka kidole gumba ndani. Hakuniambia. Hata sidhani kama alijua.

Kuna kipande nimekiruka. Ni cha siku ile ile, jua likiwa linaelekea kushuka. Nilikwenda kwenye kibanda chake. Nilibeba tu maji ya kunawa majivu. Nikamkuta amekaa karibu na baiskeli, na nyuma ya baiskeli kuna mzigo umefungwa tayari. Blanketi, sufuria, kila kitu chake.

"Unaondoka?" nikamuuliza.

"Hapana. Nilifunga asubuhi, kabla ya kikao."

"Ulijua tutakufukuza?"

"Ndugu Gervasi," akasema, na safari hii alinitazama usoni, "unafikiri ni wewe peke yako uliyekuwa na mashaka? Tangu nifike hapa nalala na viatu. Nilikuwa siwaamini nyie hata mmoja."

"Na ulikaa kimya hivyohivyo, ukapigwa?"

"Nilikuwa naogopa sana. Nilikuwa naomba mzee aseme haraka."

Niliweka maji chini, nikaenda upande wa pili wa baiskeli kumsaidia kufungua mzigo. Ile kamba ilikuwa imezungushwa na kukazwa kama anavyofunga mtu aliyewahi kukimbia nchi usiku akiwa mtoto, ili kisidondoke kitu njiani. Vidole vyangu havikuweza. Vyake pia. Mwishowe tukainama wote wawili, kila mmoja upande wake, tukafungua fundo kwa meno.